Mwaka Tulioacha Kuwa Jamaika

Kwanza mnisamehe mwandiko, na makosa ya herufi pia. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo nimeshika mwiko mara nyingi kuliko kalamu. Naandika polepole, neno moja napumzika. Tena lugha ya kwetu nyumbani haina r, kwa hiyo mkiona l imekaa mahali pasipo pake, isukumeni kando mwendelee kusoma. Kuongea mbele ya watu hunishinda kabisa. Karatasi ni afadhali, haikukodolei macho.

Enzi zetu pale mtaani Mbotela, Eastlands, siku ya likizo ilianza na kelele za ndoo bombani. Akina mama walituamsha mapema twende tukawashikie foleni, nasi tulisimama pale na tongotongo machoni na kipande cha ngumu mkononi. Wa rika langu mnaijua ngumu: andazi lisilo na huruma, ambalo likianguka chini unaihurumia sakafu. Maji yakishapatikana, siku ilikuwa yetu. Wavulana walipiga bano, yaani gololi, wasichana tukacheza kati ya kukwepa mpira na bladda ya kuruka kamba, na brikicho, mchezo wa kujificha, ilitupeleka katikati ya mashuka yaliyoanikwa mpaka mwenye mashuka atoke na ufagio. Magoti yetu hayakuwahi kupona. Jioni kwetu muthokoi wa mahindi na maharagwe ulichemka, kwa jirani dagaa wa omena wakakaangwa, na upepo ukazichanganya harufu zao zikawa moja, ambayo mpaka leo nikiinusa popote nahisi nimechelewa kurudi nyumbani. Mama alikuwa na msemo wake: "Taa za barabara zikiwaka hujaingia, ulale huko huko na hizo taa."

Baba alikuwa mchonga vinyago. Nyumba yetu ilijaa vifaru, simba na twiga wasiomalizika, na sote tulipiga chafya kwa vumbi la mti. Lakini vumbi hilo ndilo lililotupa heshima mtaani, maana kijiti cha mbio za kupokezana kilitoka kwetu. Kilikuwa shingo ya twiga aliyevunjika mikononi mwa Baba.

Naam, mbio za kupokezana. Kila likizo ya Agosti tulikuwa na Olimpiki yetu. Mtaa wetu ulikuwa na laini nne za nyumba, na kila laini ilikuwa nchi. Majina ya nchi yaliandikwa ndani ya vifuniko vya soda, vikatikiswa kwenye sufuria, na kila laini ikachomoa kimoja. Kenya haikutiwa humo, kwa sababu kila mtu angeitaka na ngumi zingeanza kabla ya mbio. Mwenyekiti alikuwa Oti wa laini ya pili, mtoto wa karani wa reli. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa na sauti, na kwa sababu kwao kulikuwa na televisheni. Tuliamini kabisa kwamba jina la nchi huingia miguuni. Waliopata Brazili walianza kutembea kwa madaha hata wakitumwa chumvi. Waliopata Ethiopia walisema hawajui kuchoka ni kitu gani.

Mwaka ule nchi yetu ilipopigana baada ya uchaguzi, michezo haikufanyika. Hakuna aliyeipiga marufuku. Ni kwamba watu wa laini yetu, wengi wetu wa kutoka mashariki, na watu wa laini ya kina Oti, wengi wao wa kutoka magharibi, walianza kusalimiana kwa kutikisa vichwa tu, na sisi watoto tukaitwa ndani mchana kweupe. Kina Oti walifunga mizigo wakaenda kukaa kwa shangazi yao mtaa wa Pipeline mpaka mambo yatulie. Shule ilipofunguliwa mwalimu alitwambia kwamba hata zamani, dunia nzima ilipopigana, Olimpiki ya wakubwa ilifutwa, na vita vilipokwisha, walioshindwa hawakualikwa mara moja. Kaka yangu Mutua akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, nani huamua wa kualikwa?" Mwalimu akamwambia aje afute ubao.

Mwaka uliofuata kina Oti walikuwa wamerudi, na sufuria ya vifuniko ikatoka tena. Laini yetu, iliyokuwa ya mkia kila mwaka, ikachomoa Jamaika, wafalme wa mbio fupi. Tulipiga mayowe mpaka mbwa wakakimbia. Jirani yetu Kioko aliandika JAMAIKA kwenye viatu vyake kwa kalamu ya mwalimu. Tulikuwa na tatizo moja tu. Mbio zilitaka watu wanne, na sisi wa umri wa kukimbia tulikuwa tumebaki watatu: Mutua, Kioko na mimi.

Wiki hiyo hiyo nyumba ya mwisho ya laini yetu ilipata wapangaji. Ilikuwa mama mmoja na binti yake wa umri wangu, Furaha, kutoka Kongo. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na tangu asubuhi ulisikia cherehani yake. Binti hakuonekana. Ungeona pazia linasogea kidogo tukicheza, basi. Shuleni alikuwa hajaanza, bombani haji.

Siku moja Mama alikuwa bombani na Mama Oti. Mutua akapita na kusikia Mama akisema, "Yule binti ni mkimbizi." Hakungoja maneno mengine. Alitujia mbio, macho yanang'aa.

"Wasee, tumeomoka, bahati ni yetu! Kuna mkimbizi hapa kwetu!"

"Mkimbizi?" Kioko akauliza. "Wa mbio fupi ama ndefu?"

"Ametoka Kongo mpaka hapa. Wewe unafikiri hiyo ni fupi?"

Msitucheke sana. Tulijua mwizi ni mtu wa kuiba, mpishi ni mtu wa kupika. Mkimbizi angekuwa mtu wa nini tena? Kiswahili chetu kilikuwa cha mtaani, na hilo neno hatukuwa tumewahi kulisikia likisemwa juu ya mtu mwenye pazia na jina.

Tukaenda, sisi watatu, Mutua mbele. Alibisha, na Furaha akachungulia kando ya pazia.

"Sasa?" Mutua akasema kwa sauti ya kiongozi. "Tumesikia wewe ni mkimbizi. Tunakuhitaji."

Furaha alimtazama. Kisha akaliachia pazia likaanguka. Ndani cherehani ikanyamaza. Tulibaki tumesimama pale kama nguo zilizosahaulika kambani.

"Labda mbio zake ni za kulipwa," Kioko akanong'ona.

Mama tulipomweleza alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha kicheko kikamwishia taratibu, akakaa kwenye kigoda.

"Mkimbizi si mtu wa kujua mbio, wanangu. Ni mtu aliyekimbizwa kwao. Vita vimekuja, ameacha nyumba, ameacha na watu wengine hajui wako wapi." Alipakua bakuli la muthokoi, akalifunika kwa sahani. "Mpelekee hii. Na Mutua, mdomo wako uuache hapa mlangoni. Ataongea Kalondu."

Kalondu ni mimi. Mimi ambaye nilikuwa nikiulizwa jina langu darasani najibu kwa kidole! Lakini amri ya Mama ni amri. Mama Furaha alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. "Karibuni, batoto," akasema, na kutuonyesha mkeka. Nilikaa nikiwa nimelishika bakuli mpaka alipolitoa mikononi mwangu.  Furaha ndiye aliyenihurumia.

"Mulikuya juu ya mbio?" akauliza.

Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wake, nasi ambao hatukuwa na hata sentensi moja iliyonyooka tulijiona wa kukicheka. Siku hiyo lakini hakuna aliyecheka. Nikamweleza habari za Olimpiki, laini nne, vifuniko, shingo ya twiga. Nilishangaa mwenyewe jinsi maneno yalivyotoka. Furaha alisikiliza, kisha akauliza sisi tulikuwa nchi gani.

"Jamaika," Kioko akajibu, akanyanyua kiatu ili asome.

Furaha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. "Na hata mumoja wenu hakutoka Jamaika?"

"Hapana," nikasema. "Ni ya kuchomoa."

"Mie inchi niko nayo," akasema. "Sitaki ya kuchomoa. Hapa kila mutu akisikia Kongo anauliza vita tu. Hakuna mwenye anauliza kitu ingine. Kama ni Kongo, nitatoka. Kama ni Jamaika, mukimbie wenyewe."

Mama yake aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akamtazama, kisha akatutazama sisi. Sikuwa mtu mzima, lakini nilielewa kile macho yale yalichokuwa yakiomba. Kumbe huyu mtoto alikuwa amesema neno "nitatoka", na mama alikuwa amelingoja neno hilo tangu wahamie.

Nje, mkutano ulikuwa mkali.

"Tuache Jamaika?" Mutua alishika kichwa. "Jamaika! Kalondu, unajua sisi tutakufa bila kuipata tena?"

"Na viatu vyangu?" Kioko akauliza.

"Kila mwaka tunatumia jina la wengine na kila mwaka tunaburura mkia," nikasema. "Tukiwa Kongo tutapoteza nini?"

Mutua akakiachia kichwa. Ukizoea mkia, una uhuru fulani.

Kwa Oti ndiko kulikuwa na kazi. Tulimkuta akichora mstari wa jivu karibu na kioski, mahali ambapo kila mzunguko ulianza na kuishia. Hakuinua hata kichwa. "Haiwezekani. Moja, mlishachomoa. Mbili, Kongo iko na vita. Nchi ya vita hakuna mtu anaenda kucheza huko. Hata kwa TV wanasema."

"Na timu zao si bado zinacheza?" Mutua akamkatiza. "Si kwenu kwa TV tuliona? Zinapewa uwanja kwa jirani, na bado zinaitwa timu ya nyumbani. Uliniambia wewe mwenyewe, Oti, usikatae."

"Ndiyo, lakini..."

"Hakuna lakini. Kongo wamepewa uwanja wa Mbotela. Huyo msichana yuko nyumbani. Sisi ndio tunamkosesha mechi."

Oti alisimama na kopo lake la jivu. Alikuwa mtu wa kubishana mpaka giza liingie, tukajiandaa. Badala yake akatazama chini.

"Hata sisi tukiwa Pipeline," akasema polepole, "watoto wa kule waliniita mgeni. Kila siku, mgeni, mgeni, rudi kwenu. Nikawaambia mimi ni wa Mbotela, msinipe kwingine." Akajifuta pua kwa mkono, jivu likabaki usoni. "Sawa. Leteni Kongo. Lakini bendera mjitengenezee, mimi sina rangi ya bluu."

Bendera ilishonwa na Mama Furaha kwa vipande vya vitenge. Alitafuta manjano ya nyota, akapata kipande chenye maua tu, basi nyota ya Kongo ya Mbotela ikawa ua. Jamaika yetu tuliirudisha, na laini ya nne ikaitupa Ufaransa yake na kuidaka hiyo Jamaika kabla kifuniko hakijagusa chini.

Siku yenyewe madebe yalipigwa, nchi zikapita mbele ya kioski moja moja, na Furaha alikuwa mbele yetu na bendera. Alivaa gauni jipya na viatu vya mama yake vilivyofungwa kwa kamba. Akina mama walitoka milangoni na unga mikononi. Nilimwona Mama Oti amesimama karibu na Mama, bega kwa bega, wakinong'onezana juu ya gauni hilo. Mwaka mmoja kabla wasingesimama hivyo.

Tulimpanga Furaha akimbie wa mwisho, baada yangu. Kabla hatujaanza alinivuta kando. 

"Kalondu. Mwisho iko fasi gani?"

Fasi, kwao, ni mahali. Nikamwonyesha mstari wa jivu. "Unazunguka nyumba zote, unarudi hapa hapa."

"Na batu batakuwa hapa?"

"Watu?"

"Kule tulikimbia, hakuna mutu alituambia mwisho iko wapi. Tulifika fasi moja, banasema endelea. Tukafika ingine, banasema endelea."

Sikuwa na maneno ya kikubwa. Nikamwambia, "Mwisho ni hapa. Nikishakupa kijiti siendi popote. Nitakuwa nimesimama hapa."

Mutua alianza vizuri. Kioko akateleza kwenye maji ya bombani na kuinuka na tope mpaka nyusi. Mimi nilikimbia nimefumba macho nusu, kwa haya ya kutazamwa, nikafika nikampa Furaha shingo ya twiga. Akaondoka.

Ukweli ni kwamba Furaha hakuwa na mbio hata kidogo. Alikimbia kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Brazili ilimpita pale kwenye kona ya kwanza, Ethiopia ilikuwa mbele zamani. Alipopotelea nyuma ya nyumba nikaogopa. Nilifikiri labda atafika kwao, aingie ndani, pazia lishuke tena. Mama yake alikuwa kando yangu, futi ya kupimia nguo shingoni, ameikamata pande zote mbili.

Halafu tukasikia kelele zikija kutoka upande wa pili. Watoto wa laini ya tatu walikuwa wamejipanga huko, na walikuwa wakiita, "Kongo! Kongo! Kongo!" Laini ya kina Oti wakapokea. Akina mama wakapokea. Jina lile lilitoka vinywani mwa watu wa mashariki na wa magharibi pamoja, kwa furaha, bila mtu kuuliza habari ya vita. Mama Furaha aliweka kiganja mdomoni. Machozi yakamshuka, na hakuyafuta.

Furaha alitokea kwenye kona akiwa na kiatu kimoja. Nyuma yake, akihema kama jogoo aliyefukuzwa, alikuwa Jamaika. Sijui kilichompata Jamaika. Labda jina lilikuwa zito. Furaha aliukanyaga mstari wa jivu kwa miguu yote miwili, akasimama hapo hapo kama mtu aliyepigiliwa msumari.

"Nimefika," akasema.

Tulikuwa wa tatu. Hatukuwahi kuwa wa tatu maishani. Mutua alibebwa.

Kesho yake asubuhi Furaha alikuwa bombani na ndoo, akigombania nafasi na Oti. Aliishi nasi miaka michache, akajifunza bladda, akatufundisha sisi kusema fasi. Kisha yeye na mama yake wakapata nafasi ya kuhamia ng'ambo, nchi ya baridi, na hatukuwa na simu wakati huo. Alipoondoka alikuwa na haraka na alikuwa na furaha, na sisi tulilia ya kutosha kwa pande zote mbili.

Miaka baadaye, nikiwa nimeshamaliza shule, tulikaa kwa kina Oti kutazama Olimpiki ya kweli. Ikapita timu ndogo, nyuma ya bendera isiyo ya nchi yoyote. Mtangazaji akasema ni timu ya wakimbizi, na kwamba wengine kati yao ni wanariadha waliokuwa wakifanya mazoezi hapa hapa Kenya. Mutua aliruka akagonga eriali, picha ikapotea. "Si nilisema!" alipiga kelele gizani. "Wakimbizi ni watu wa mbio! Mama alinibishia bure!" Mama mwenyewe alikuwepo. Alicheka kuliko siku ile ya mwiko.

Siku hizi napika chapati Pipeline, na wateja wangu wengi ni vijana. Wanacheza mpira kwa vidole gumba. Wanajua kubashiri mechi ya nchi ambayo hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Sisi tuliumia magoti, wao wanaumia shingo. Nchi wanachagua kwa kubonyeza, na wakichapwa wanabonyeza nyingine. Huwa nataka kuwaambia kwamba nchi ikishonwa kwa vitenge na mtu akailia, huwezi kuibadilisha kirahisi hivyo. Lakini mimi na kuongea mnatujua, basi nawapa chapati.

Hata hivyo siwalaumu, na dunia yao siyo nyepesi. Tunasikia mpaka sasa kuna nchi zimefungiwa nje ya mashindano kwa sababu ya vita, na wachezaji wanaoingia bila bendera wala wimbo wa taifa. Katika jengo ninaloishi wamehamia watoto kutoka Sudan. Juzi walikuwa kwenye korido nyembamba, wanapiga chupa tupu kama mpira na watoto wa ghorofa ya chini, kelele tupu, na mlinzi anawafukuza. Mmoja wa wenyeji akauliza, "Wewe leo ni nani?" Mtoto akajibu kwa kifua, "Sudan." Yule mwingine akasema tu, "Sawa, kaa goli." Nilisimama na beseni langu la unga nikaona kwamba kumbe bado wanajua. Nafasi yetu ya kuchezea ilikuwa pana na jioni zetu zilikuwa ndefu, na hilo nitalilia daima. Ila ule moyo wa kumpa mtu jina lake acheze nalo, huo naona haujaondoka Eastlands.

Ombi langu ni moja. Kama nawe ulikulia mtaani enzi hizo, au ulikuja kwetu ukitoka mahali palipoharibika, niandikie. Usiogope mwandiko, wangu mmeuona. Niandikie hata mistari miwili, unieleze michezo ikianza na nchi zikipita moja moja, wewe siku hizi unamshangilia nani. Na kama unayesoma ni Furaha, mimi na Mutua tunabishana kila mara bila kuelewana: yeye anasema unashangilia ile nchi ya baridi, mimi nasema ni Kongo, na Mama anasema mtu anaweza kushangilia mbili bila kuumwa koo. Tafadhali tuamulie.